Kuku wa Kienyeji, Yai la Kilimohai

Pale soko la kuku la Shekilango, Dar es Salaam, hakuna anayeuliza cheti. Mnunuzi humtoa kuku kwenye tenga, humning'iniza kidogo kumpima uzito, hupapasa kidari, kisha hushuka miguuni: magamba makavu, kucha zilizolika kwa kuparura, mguu mwembamba na mgumu.

"Wa kienyeji kweli huyu, mama?"

"Mshike mguu mwenyewe, mwanangu. Wa banda hana mguu huu."

Bei hupangwa hapo hapo, na huwa juu sana kuliko ya kuku wa kisasa. Kuku mwenyewe amefika kwa basi au lori kutoka Singida, Dodoma au Tabora, na aliyemfuga hajui ameuzwa shilingi ngapi mjini.

Swali la sura hii ni kama kuku huyo na yai lake wanaweza kuuzwa kwa jina la kilimohai, na kama mfugaji wa Singida au wa Kibaha atapata chochote jina hilo likishabandikwa. Msimamo wangu nautoa mapema ili msomaji anipime njiani. Yai linaweza, na halihitaji kusubiri miaka mingi. Nyama itachelewa. Kinachovizuia vyote viwili hakipo ofisini kwa watoa vyeti. Kipo kwenye gunia la chakula na kwenye kundi la vifaranga wanaokufa kabla hawajaota manyoya.

Kilimohai chenyewe si kigeni Afrika Mashariki. Mwaka 2007 nchi za Jumuiya zilikubaliana kiwango kimoja cha mazao ya kilimohai, EAS 456, na alama moja ya kubandika kwenye bidhaa, iliyopewa jina la Kilimohai. Tanzania ina chama chake cha sekta hiyo, TOAM, tangu 2005, Kenya ina KOAN na Uganda ina NOGAMU. Kwa idadi ya wakulima wenye cheti, Tanzania huhesabiwa miongoni mwa nchi za mbele duniani. Ni zaidi ya laki moja. Ukiwatafuta ni nani, utakutana na pamba ya Meatu, kahawa ya Kagera, kakao ya Kyela, viungo vya Unguja na Pemba. Kuku humo utamtafuta mpaka uchoke.

Sababu ni ya kibiashara tu. Kilimohai chetu kilijengwa na wasafirishaji. Mnunuzi wa Ulaya alitaka pamba au kakao yenye cheti, kampuni ikalipia ukaguzi, mkulima akaandikishwa. Kuku hana mnunuzi wa namna hiyo. Ili nchi iuze nyama ya kuku katika Umoja wa Ulaya, lazima kwanza iwe kwenye orodha ya nchi zilizokubaliwa, na kuingia humo kunadai mpango wa kitaifa wa kupima mabaki ya dawa kwenye nyama na uwezo wa kuthibitisha kwamba mdondo na mafua ya ndege vimedhibitiwa. Tanzania haimo. Kwa hiyo anayempigia mfugaji hesabu za soko la Ujerumani anamwuzia ndoto. Soko la kuku wa kilimohai wa Tanzania liko Tanzania: Masaki, Oysterbay, Arusha mjini, hoteli za Zanzibar, na jirani yako ambaye tayari analipa zaidi kwa ajili ya kiini cha njano.

Hata hivyo kanuni za Ulaya zinatufaa kama kipimo, kwa sababu zimeandikwa kwa takwimu na hazina maneno ya kuzunguka. Kuku wa mayai wasizidi sita kwa kila mita ya mraba ndani ya banda. Nje, kila mmoja awe na mita nne za mraba za kuzurura. Kila chumba cha banda kisiwe na kundi la mitetea linalozidi 3,000. Kila kuku awe na sentimita 18 za kijiti cha kulalia, na kiota kimoja kitumiwe na kuku saba. Taa zikiwashwa kurefusha siku, mwanga usizidi saa 16. Keji hazina nafasi kabisa. Kuku wa nyama awe wa mbegu inayokua taratibu, la sivyo asichinjwe kabla ya siku 81. Broila wa kawaida huchinjwa akiwa na wiki tano au sita. Chakula kiwe cha kilimohai, bila mazao ya mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Dawa za kukuza haziruhusiwi. Dawa za kutibu huruhusiwa kwa masharti, na siku za kusubiri kabla ya kula nyama au mayai huongezwa maradufu. Chanjo inaruhusiwa.

Ukimweka kuku wa kienyeji mbele ya orodha hiyo, anafaulu nusu ya mtihani bila kusoma. Anazurura, analala juu ya mti au kwenye kichanja cha jiko, hajawahi kuona taa ya umeme, na siku 81 kwake ni utoto, maana jogoo wa kijijini huchukua miezi mitano au sita kufikia uzito wa kuuzwa. Hapo ndipo wapenzi wa kuku wa kienyeji wanapoishia, wakatangaza ushindi. Nusu ya pili ndiyo ngumu.

Tuanze na ardhi. Kuku anayezurura hula kilichopo chini, pamoja na kile ambacho mwenye kuku hakioni. Mwaka 2005 watafiti walipima mayai ya kuku wanaozurura karibu na dampo la Dandora, Nairobi, ambako taka huchomwa mwaka mzima, wakakuta dioksini kwa kiwango kilichopita kwa mbali ukomo wa Ulaya. Mwaka huo huo mayai yalipimwa pia Vikuge, mkoani Pwani, karibu na mahali palipokuwa na marundo ya viuatilifu vilivyokwisha muda. Sumu za aina hiyo hukaa kwenye mafuta, na kiini cha yai ni mafuta. Kuku wa keji, kwa masikitiko yote tunayomwonea, hakuparura majivu ya dampo. Kwa mfugaji wa pembezoni mwa jiji, swali la kwanza la kilimohai ni historia ya uwanja: palichomwa nini hapa, palipuliziwa nini, maji ya mvua yanatoka kwa nani.

Kisha kuna mahindi yaliyoota ukungu. Katika nyumba nyingi mahindi yaliyoharibika hayatupwi, hupewa kuku. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu wapatao ishirini Dodoma na Manyara. Kenya ilizika zaidi ya mia moja mwaka 2004, wengi wao wa Makueni na Kitui. Kuku akilishwa nafaka ya namna hiyo hudhoofika, ini huharibika, utagaji hushuka, na chembe za sumu huweza kupita hadi kwenye yai na ini analokula mtu. Nafaka iliyolimwa bila tone la kemikali huota ukungu sawasawa na nyingine ikianikwa chini na kuhifadhiwa na unyevu. Cheti hakikaushi mahindi. Mfugaji wa kilimohai asiye na turubai la kuanikia na mifuko isiyopitisha hewa ana cheti cha mapambo.

Dawa nazo zina kisa chao. Kuku akikohoa au kuharisha, safari ya kwanza ni duka la pembejeo za mifugo, na anayeuza ndiye anayetibu. Mteja hurudi na pakiti ya oksitetrasaiklini au enrofloksasini, anaichanganya kwenye maji ya kundi zima, na mayai ya siku hiyo yanaenda sokoni kama ya jana. Siku za kusubiri zimeandikwa kwenye pakiti kwa herufi ndogo na kwa Kiingereza. Huyu si mtu mbaya. Ana kuku mia mbili na mkopo wa kikundi. Lakini ukisoma kanuni ya Ulaya, kuku ambaye maisha yake hayafiki mwaka akitibiwa kwa antibayotiki zaidi ya mara moja hapaswi kuuzwa tena kwa jina la kilimohai. Wafugaji wengi huona sharti hilo ni la ukali usio na sababu. Mimi naliona kuwa ndilo linalomlazimisha mtu kufanya kazi ambayo angepaswa kuifanya hata bila cheti: kukinga.

Na kukinga kunaanza na mdondo. Wengine huuita kideri. Huja hasa miezi ya ukame, kati ya Agosti na Novemba, na ukiingia kijijini banda lililokuwa na kuku arobaini hubaki na manyoya. Kuku hupinda shingo, huharisha kijani, hupooza bawa, hufa. Wenye kuku wanaujua msimu huo, hivyo huuza mapema na kwa bei ya kutupa. Wachuuzi nao wanaujua, hivyo husubiri. Kisha kuku walioanza kuugua husafiri katika matenga yale yale ya wazima, kwenye basi lile lile, na virusi hupata usafiri wa bure hadi wilaya ya pili.

Kinga yake ipo na ni ya bei nafuu. Chanjo ya I-2 ilitengenezwa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, na kundi la Peter Spradbrow, makusudi kwa ajili ya vijiji visivyo na friji, kwa kuwa inavumilia joto kuliko chanjo za zamani. Tanzania huizalisha yenyewe. Hudondoshewa jichoni, tone moja kwa kila kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Tatizo ni la kipuuzi mpaka mtu ahesabu: kichupa kimoja kina dozi za mamia ya kuku, mama mwenye kuku kumi na wawili hawezi kukinunua peke yake, na kikishafunguliwa hakihifadhiki. Hivyo chanjo hufanikiwa pale kitongoji kinapopanga siku moja. Kuku hufungiwa ndani tangu jioni, asubuhi mchanjaji hupita nyumba kwa nyumba na kila mwenye kuku hulipia matone yake. Mahali ambapo kazi hii imedumu, mara nyingi mchanjaji ni mwanamke wa hapo hapo ambaye majirani wanamwamini kuingia jikoni kwao, maana kuku wamelala humo. Ningekuwa natoa fedha za mradi wa kilimohai, shilingi ya kwanza ingekwenda kwake.

Baada ya mdondo, vifaranga. Kuku wa kienyeji hutaga mizunguko mitatu au minne kwa mwaka, mayai kumi hadi kumi na tano kila mzunguko, jumla kama 40 hadi 60. Kuku wa mayai wa kisasa hutaga karibu 300. Lakini hata hayo 40 mengi hayafiki mezani, kwa sababu huatamiwa, na kati ya wanaoanguliwa nusu au zaidi hufa kabla ya miezi miwili: mwewe, kicheche, kenge, baridi ya usiku, mvua, njaa. Mwenye kuku hulazimika kuatamisha mayai mengi ili abaki na vifaranga wachache, na ndiyo maana hana mayai ya kuuza. Ukipunguza vifo vya vifaranga, unaongeza mayai sokoni bila kuongeza kuku hata mmoja.

Mbinu ya kufanya hivyo ni ya zamani na haina gharama. Mitetea miwili au mitatu wakianza kutaga kwa kukaribiana, kila siku mayai yao huondolewa na kuwekwa mahali pa baridi, huku kila mmoja akiachiwa yai moja la kumdanganya. Wote wakishataka kuatamia, wanawekewa mayai siku moja. Siku ya 21 wanaangua pamoja. Vifaranga wote hupewa mtetea mmoja mwenye moyo wa ulezi, na waliobaki hurudi kutaga baada ya wiki chache badala ya kutembea na vifaranga miezi miwili. Vifaranga hukaa chini ya tenga na chakula chao, mahali ambapo mkubwa hawezi kuwapora wala mwewe kuwanyakua. Watu wa Mpwapwa hawakuhitaji mtaalamu kutoka nje kulijua hili. Wanachokosa ni chakula cha kuweka chini ya tenga.

Na chakula ndicho kinachoamua kila kitu, kwa kuwa katika ufugaji wa kibiashara hula asilimia 60 hadi 70 ya gharama zote. Gunia la kawaida hapa kwetu ni pumba za mahindi, mahindi ya kuparaza, mashudu ya alizeti, dagaa, soya kidogo, chokaa, mifupa iliyosagwa, chumvi na virutubisho vya dukani. Ndani ya virutubisho hivyo kuna methionini, kijenzi cha protini kinachohitajika kwa manyoya na kwa mayai, na kwa kawaida hutengenezwa kiwandani. Hapo kilimohai cha dunia kimegawanyika. Ulaya inakataza kabisa methionini ya kiwandani. Marekani inairuhusu kwa mitetea na kuku wa nyama, lakini isizidi takriban kilo moja kwa tani ya chakula, kwa hoja kwamba kuku wakiikosa huanza kudonoana na kung'oana manyoya. Wote wawili wana hoja. Anayefuata njia ya Ulaya hulazimika kuongeza protini nyingi kupita mahitaji ili methionini itimie, na kinyesi chenye naitrojeni ya ziada hujaza banda harufu ya amonia.

Kwetu jibu liko karibu kuliko Ulaya, na inaniuma kuona tunavyolipita. Mashudu ya alizeti yana methionini ya kutosha ingawa laisini ni haba. Soya iko kinyume chake. Dagaa wana zote mbili. Mashudu ya ufuta yana methionini nyingi kuliko mashudu mengi ya mbegu za mafuta, na Tanzania ni mkulima mkubwa wa ufuta, lakini sehemu kubwa ya ufuta wa Lindi na Mtwara hupakiwa melini ukiwa mbegu nzima. Mafuta na mashudu vinabaki kwa aliyenunua. Aidha nchi hii hairuhusu kilimo cha kibiashara cha mbegu zilizobadilishwa vinasaba, kwa hiyo soya iliyolimwa Ruvuma haina mzigo ambao mfugaji wa Ulaya hulipia fedha nyingi kuukwepa.

Basi kwa nini gunia la kilimohai halipo madukani? Kwa sababu ya mashine za kukamua. Alizeti ya Singida na Dodoma nyingi hulimwa bila mbolea ya chumvichumvi wala dawa, si kwa itikadi bali kwa kukosa fedha, na ingepata cheti bila shida kubwa. Lakini ikifika kwenye mashine inamwagwa pamoja na ya kila mtu, na mashudu yanayotoka mlangoni hayana asili. Anayetaka mashudu ya kilimohai lazima akodi mashine kwa siku yake, aisafishe kwanza, akamue mbegu za kikundi chake tu, aandike. Ni kazi ya siku chache kwa msimu. Inahitaji wafugaji wa kuku na wakulima wa alizeti wajuane, na hao kwa sasa hukutanishwa na dalali.

Mashudu ya pamba yasimvutie mtu, hata yakiwa ya Meatu yenye cheti. Yana gosipoli, ambayo huharibu rangi ya kiini, na mteja anayelipia kiini cha njano hatarudi mara ya pili. Dagaa nao wana mitego. Wanaoanikwa chini hubeba mchanga, na mchanga una uzito, kwa hiyo wapo wanaouza kilo ya dagaa ambayo sehemu yake ni ufukwe. Pia dagaa ni mboga ya maskini. Kila gunia linaloingia kwenye chakula cha kuku hupandisha bei ya fungu sokoni. Ndiyo maana funza wa nzi askari weusi, wanaozalishwa sasa Kenya na Tanzania kwa kulishwa mabaki ya matunda na mboga, wanastahili kuangaliwa kwa makini. Wakikauka, karibu asilimia 40 ni protini. Sharti ni moja: wanacholishwa kijulikane, maana taka za soko zilizochanganyika na betri na nailoni haziwezi kuzaa kitu cha kilimohai.

Bibi zetu walikuwa na njia yao. Chungu kilichojazwa samadi kavu na mabua, kikaloweshwa, hufunikwa kinywa chini juu ya tundu la kichuguu jioni. Asubuhi kinainuliwa kimejaa mchwa, kinakung'utwa mbele ya vifaranga, na haipiti dakika mbili pamebaki mabua. Kwa vifaranga thelathini hakuna chakula bora zaidi. Kwa kuku mia tano vichuguu havitoshi.

Sasa hesabu, kwa kuwa maneno matamu yamewafilisi wengi. Mtetea hula gramu 120 hivi kwa siku. Wa kisasa bandani, kundi likitaga asilimia 80, kila yai limegharimu gramu 150 za chakula. Chotara au wa kienyeji aliyeboreshwa, akitaga asilimia 60, kila yai ni gramu 200. Hiyo ni theluthi zaidi kabla hujagusa bei ya chakula. Gunia la kilimohai likiwa ghali mara moja na nusu, yai lako limekuwa na gharama ya chakula mara mbili ya la jirani. Kinachoweza kuokoa hesabu ni uwanja. Kuku wakipata robo ya chakula chao kwa kuzurura, kwenye majani, wadudu, mchicha pori, mabaki ya shamba, gunia linatoa gramu 90 tu, na tumerudi kwenye gramu 150 kwa yai. Uwanja wenye kivuli na majani ni mashine ya chakula. Uwanja mkavu uliopigwa na jua ni mahali pa kuku kusimama. Mwezi wa tisa pale Dodoma uwanja hautoi robo, hautoi hata sehemu ya kumi, na mfugaji asiyepanda mlonge, lusina au majani mengine ya kukata atanunua pengo lote.

Uchaguzi wa mbegu hufuata hesabu hiyo. Kuchi ni kuku mzuri wa kutazamwa na jogoo wake huuzwa ghali, lakini hutaga kidogo. Kuroila na Saso, chotara walioenea Tanzania na Uganda, hutaga maradufu au zaidi ya kuku wa kijijini na bado wanaparura. Kasoro yao ni kwamba hula sana, na kifaranga hununuliwa upya kila msimu kwa aliye na mashine ya kutotolesha. Kwa kuku wa mayai ya kilimohai ningechagua chotara wa namna hiyo, pamoja na mitetea michache ya kienyeji ya kuatamia. Wapenda asili watanikosoa.

Nyama nimeiacha nyuma kwa makusudi. Broila hubadilisha kilo mbili za chakula, au pungufu, kuwa kilo moja ya uzito. Kuku anayekua taratibu hudai kilo tatu au zaidi, na kama chakula hicho ni cha kilimohai, bei yake mezani itamshinda hata anayependa supu ya kienyeji kuliko wote. Tena wanunuzi wengi hapa wanataka kuku hai, wamchinje wenyewe au achinjwe mbele yao kwa mkono wanaouamini. Kuku wa kilimohai aliyechinjwa, akapakiwa na kugandishwa, anadai machinjio yake, friji yake na gari lake, halafu anakaa kwenye rafu jirani na kuku wa bei nusu. Zanzibar, ambako kuku waliogandishwa kutoka Brazil wamezoeleka, ushindani huo ni wa kuumiza. Kwa muda mrefu nyama ya kilimohai itakuwa jogoo na mitetea waliozeeka wa wafugaji wa mayai, nao wauzwe hai. Hakuna aibu hapo; ni fedha ya ziada.

Linabaki suala la kuaminiana. Mitetea ya kisasa iliyochoka kutaga huuzwa kama kienyeji. Wapo pia wanaoloweka mayai mekundu kwenye ndimu au siki yapauke, yafanane na ya kienyeji. Kiini cha njano nacho hakithibitishi kitu, kwa kuwa rangi hutokana na chakula na kuna unga wa rangi wa kuchanganya. Mteja wa Dar es Salaam anayajua haya yote, ndiyo maana anashika miguu. Ukaguzi wa kampuni ya nje ungemtuliza, ila ada yake ingemeza faida ya kikundi cha watu ishirini. Njia iliyobaki ni uhakiki shirikishi, ambao kiwango cha Afrika Mashariki na TOAM wanautambua na ambao wakulima wa mboga wa Morogoro wameuzoea: wanachama wanatembeleana, wanakaguana kwa fomu, na kikundi kizima kinapoteza alama mmoja akidanganya. Udhaifu wake ni undugu. Ni vigumu kumwandikia shemeji yako kwamba umekuta pakiti ya dawa bandani mwake. Vikundi vinavyodumu huwatuma wakaguzi kitongoji kingine, na humkaribisha mnunuzi mwenyewe aje aone.

Mnunuzi huyo ni nani? Chukua hoteli ya kitalii yenye kuhitaji mayai 300 kwa siku. Kwa utagaji wa asilimia 60 hiyo ni mitetea 500: kaya 25, kila moja na mitetea ishirini. Gramu 90 kwa kila mmoja ni kilo 45 za chakula kwa siku, tani moja na robo na ziada kwa mwezi, kiasi ambacho mashine moja ndogo ya kusaga na kuchanganya inakimudu. Ishirini kwa kaya ni idadi ambayo mama anaweza kuisimamia bila kuajiri, na mbolea yao inatosha bustani ya mchicha na nyanya ambazo hoteli hiyo hiyo inanunua.

Kinachovunja mikataba ya namna hii huwa ni Agosti. Msimu wa wageni umefika kileleni, majani yamekauka, mdondo uko njiani, kuku wanaanza kunyonyoka manyoya na kupumzika kutaga, na hoteli inataka trei kumi zile zile kila asubuhi, mayai ya saizi moja, yaliyopigwa tarehe. Kikundi kisichojipanga kitakwenda kununua mayai ya jumla mjini kujazia, mara moja tu, kwa siku tatu tu. Kwa hiyo mkataba uandikwe kwa misimu: trei kumi wakati wa majani, sita wakati wa ukame, na bei ya ukame iwe juu. Vifaranga wa kundi la pili waingizwe kati ya Februari na Machi ili waanze kutaga Agosti. Chanjo ya Julai isiruke hata nyumba moja. Na mashudu ya miezi minne yawe yamekamuliwa, yamekauka na yako ghalani kabla alizeti yote ya msimu haijanunuliwa na wenye magari.